Maji ya Muwa kwa Manowari ya Baba

Ijumaa niliondoka Mbololo kwa sababu mjomba alituma habari: manowari aliyofia baba wakati wa vita iko Kilindini, na Jumapili itavutwa kwenda kukatwa vyuma. Baba hana kaburi, alizikwa baharini. Mama akanipa kibuyu cha maji ya muwa.

"Wewe ndiwe kifungua mimba. Kamtasie baba yako."

Kutasa kwetu Wadawida ni kupiga funda, kulipuliza nje na kutamka kwa sauti maneno ya kutoa hasira moyoni. Kwa sauti! Mimi hata mwalimu akiniuliza jina nanong'ona.

Voi nilipanda gari la moshi, kibuyu nimekipakata njia nzima. Abiria mmoja aliuliza kama ni dawa. Nikasema ndiyo, aninyamazie.

Jumamosi asubuhi mjomba, kuli wa bandarini, alinipitisha getini. Manowari mbili zilifungwa pamoja.

"Ya baba ni ipi?"

"Hiyo yenye kutu."

Ilijaa vichwa vya ribiti, misumari ya kuungia mabamba, kama mtu mwenye tetekuwanga. Mizinga ilisongamana juu, mahali wapigaji waliposimama peupe. Ile mpya ilikuwa laini, mabamba yameunganishwa kwa moto, mizinga michache, na mlingotini wavu wa chuma ukizunguka kumtafuta adui asiyeonekana. Baba alikuwa akihudumia mitambo. Nikauliza kama kwenye mpya watu bado wanakaa chini kule.

"Wanakaa. Meli zimebadilika, mwanangu. Chini ni kule kule."

Niliushika ubavu wa ile kuukuu kwa mkono wa kushoto, nikapiga funda.

"We kijana!" kuli mmoja akapaza sauti. "Manowari haizami kwa mate!"

Wakacheka, hata mjomba kidogo. Nikameza.

Jumapili jioni, nyumbani, mama alikuwa mlangoni.

"Ulimtasia?"

"Nilimeza, mama."

"Basi hasira yetu umerudi nayo tumboni."

Nikalia, nikajifunika uso. Akauona mkono.

"Nini hiyo?"

"Kutu ya meli. Sijanawa."

Akaushika, akapiga funda lililobaki kibuyuni, akalipuliza kiganjani mwangu.

"Ulikwenda vitani bila kuniaga," akamwambia baba. Sauti ilimtetemeka. "Nimekukasirikia miaka yote hii. Sasa lala."

Maji mekundu yakadondoka udongoni.

Nilidhani mama alinituma kwa kuwa safari ni ndefu. Kumbe naye alikuwa akiogopa kusema.