Kuku Kwenye Kiti cha Ngozi

Giaboksi ya gari langu la Kijerumani ilipokufa, fundi wangu wa Voi alisema kuitengeneza kungekula mshahara wangu wa ualimu hadi nistaafu. Afadhali nimwachie gari, anipe pikapu yake. Sikutaka. Nilikuwa msomi wa chuo kikuu, na bila gari lile watu wa kwetu Bura wangejuaje? Nikaomba trekta ilikokote hadi kwa mama, nikaendelea kuwaza.

Hatimaye nilikubali, fundi akaja na pikapu. Tukamkuta kuku amelalia mayai kwenye kiti cha nyuma cha gari langu, kile cha ngozi.

“Mama, mtoe huyu.”

“Kuku anayelalia hasogezwi. Wewe umewaza miezi, yeye kaamua siku moja. Mngoje.”

Fundi alicheka, akakubali kurudi vifaranga wakishaanguliwa.

Basi jioni nilikuwa nikikaa mbele, nimeshika usukani, nikinusa ile ngozi, kuku akinikodolea macho kama abiria aliyecheleweshwa. Sijawahi kulifurahia gari lile kiasi hicho. Vifaranga walipotoka, nilimkabidhi fundi ufunguo.

Pikapu ilibeba kabichi za mama miaka mingi bila kuharibika. Hata rangi yake siikumbuki.