Mstari wa Tano

Katika ofisi ya vibali vya udereva, ghorofa ya kwanza, chumba cha tatu ukitoka kwenye ngazi, alikaa mwanamke ambaye hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Walimwita Mama Mhuri. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa ile ile: anayetaka kwenda kuendesha gari nchi za watu anamletea leseni, pasi na picha mbili, naye anampa kijitabu cha kijivu kilichogongwa mhuri mbele ya aina ya gari anayoruhusiwa kuendesha. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza wakodishaji wa magari wa huko wanataka nini, angekutajia bila kufumbua macho. Kwa gari la kawaida hawana maneno mengi. Kwenye gari la kifahari ndipo wanapokuchuja: leseni ya nyumbani iliyokaa mikononi mwako miaka mitano au zaidi, kibali cha kimataifa, kadi ya benki yenye jina la dereva mwenyewe na si la mjomba wake, bima kubwa, tiketi ya kurudi, anwani ya nyumba utakayofikia. Na umri. Chini ya thelathini hupewi, na ukishagonga sabini pia hupewi.

Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka. Binti yake alipokaribia kuhitimu chuo huko ng'ambo, Mama Mhuri aliomba viza ya kwenda kwenye mahafali akanyimwa, kisa barua moja ya benki. Mwanamke aliyewarudisha watu nyumbani kwa kukosa karatasi moja, akarudishwa nyumbani kwa kukosa karatasi moja. Wenzake walimcheka mpaka naye akacheka, kisha akaenda chooni akalia.

Aliyepata viza ni shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Huyo alikuwa dereva wa wakurugenzi wa ofisi hiyo hiyo kwa miaka thelathini na moja, akastaafu bila kugonga hata kuku. Jina lake la kazini lilikuwa Breki, kwa sababu alikuwa akisimamisha gari polepole kiasi kwamba bosi wa nyuma hakumwaga chai. Tangu mdogo wake afariki, yeye ndiye aliyekuwa baba wa nyumba ile, na binti akimwita Baba Mkubwa humwita kwa moyo wote.

"Shemeji," alimwambia Mama Mhuri siku alipoleta karatasi zake, "miaka yote nimeshika usukani wa magari ya watu. Kila gari zuri nililowahi kuendesha, kuna mtu nyuma yangu anasoma gazeti. Siku tatu tu nataka niendeshe gari kwa sababu nimetaka mwenyewe, binti yetu akae pembeni yangu na joho lake."

Gari lenyewe alikuwa ameshalichagua, jeusi, refu, picha yake ameikunja mfukoni kama mtu anayeficha picha ya mchumba. Na hakuwa na muda wa kuchezea, maana alibakiza miezi minne atimize sabini.

Sasa, ofisi ile ilikuwa na sheria yake. Aliyepita miaka sitini anasimama kwenye mstari wa njano uliochorwa sakafuni, anasoma ubao wa macho ulioko mwisho wa korido, mstari wa tano. Miaka ya mwanzo Mama Mhuri alikuwa akiinuka, anakwenda kusimama kando ya ubao na rula mkononi, anagusa herufi moja moja. Baadaye magoti yakaanza kulalamika, foleni ikarefuka, akawa anasikiliza akiwa kitini, nyuma ya kioo, mahali ambapo ubao wenyewe hauonekani ila ukingo wake. Kwani kulikuwa na haja gani ya kuutazama? D, F, N, P, T, H. Alizijua herufi hizo kuliko namba yake ya simu. Mtu akizitaja, yeye anaweka alama ya vema.

Alhamisi ile Breki alikuja na suti iliyopigwa pasi ikasimama.

"Usinipendelee, shemeji."

"Nikupendelee wewe? Nakutafutia sababu ya kukunyima."

Watu kwenye foleni wakacheka. Breki akasimama kwenye mstari wa njano, mikono nyuma, kifua mbele, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikia wakubwa: D, F, N, P, T, H. Hakusita hata mara moja. Mama Mhuri akaweka alama, akagonga mhuri, akampa kijitabu chake. Mzee akakinusa kabla ya kukitia mfukoni. Jumamosi akapanda ndege.

Jumatatu, saa sita kasoro robo mchana, alisimama kwenye mstari wa njano mzee mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"K, R, Z, V, C, E," alisoma.

"Baba, soma tena. Taratibu."

"K, R, Z, V, C, E."

"Mstari wa tano, baba. Hesabu kuanzia juu."

"Nimehesabu, mama. Ndio huo wa tano." Fundi akageuka, hana hasira, anashangaa tu. "Njoo uone mwenyewe."

Mama Mhuri akainuka. Alipita mlango mdogo wa kaunta akiwa bado ana maneno ya kumfundisha mzee wa watu, akafika mwisho wa korido, akasimama. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya. Ubao ulikuwa mpya, mweupe pe, na mstari wa tano ulisema kile kile alichosema fundi.

"Huu umewekwa lini?" alimuuliza mtunza stoo aliyekuwa akipita na ndoo.

"Jumatano, mama, walipomaliza kupaka rangi. Ule wa zamani ulichanika wakiung'oa."

Jumatano. Na Breki alisimama hapa Alhamisi.

Mzee yule hakuona ubao. Hakuona hata kwamba ubao ni mwingine. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye benchi la korido hii akisubiri wakurugenzi, akisikiliza watu wakisoma, akazishika herufi kichwani bila hata kukusudia. Yeye alisoma za kichwani mwake, na Mama Mhuri akasahihisha kwa za kichwani mwake, wote wawili wakaridhika, na ukuta haukuulizwa.

Mambo ambayo hakuyatilia maanani yakaanza kumjia yote kwa pamoja. Chai iliyomwagwa pembeni ya kikombe nyumbani kwake mwezi uliopita. Simu ambayo siku hizi mzee hubonyezewa na wajukuu, eti yeye hazipendi namba. Gari lake dogo lililolala uani tangu mwaka jana kwa madai kwamba petroli imepanda. Mama Mhuri aliona ni ubahili wa uzee, akamtania mbele za watu.

Alirudi kwenye kaunta, akafungua faili. Nakala ya hati ya kukodisha gari, aliyoiacha Breki, ilikuwamo. Saa ya kuchukua gari, ukiigeuza kwa saa za hapa, ilikuwa sita na nusu. Saa ya ukutani ilikuwa sita kasoro kumi. Barabara za huko ni za njia sita, magari yanakimbia upande ambao mzee hakuuzoea, na kwenye kiti cha pembeni atakaa mtoto wa pekee wa Mama Mhuri.

Alimpigia Breki, hapatikani. Alimpigia binti yake mara tatu kwa simu ya mkononi, mara tatu ikakatika kabla ya kuita, salio la kupiga ng'ambo likayeyuka. Simu inayoweza kupiga nje ya nchi ilikuwa moja tu katika jengo zima, nayo ilikuwa juu ya meza ya mkuu wa kitengo, mtu wa maneno machache aliyependa kila jambo liwe na fomu yake.

"Kufuatilia kibali kilichokwisha kutoka?" mkuu aliuliza. "Jaza fomu ya kufuta kwanza."

Aliijaza akiwa amesimama. Dada wa dirisha la leseni, aliyekuwa ameingia na mafaili, akachungulia begani kwake na kunong'ona, "Kwenye sababu andika kimepotea. Hakuna atakayekuuliza."

Mama Mhuri alishika kalamu hewani. Aliogopa, tusidanganyane, alikuwa mjane, na kiti kile ndicho kilichomsomeshea mtoto. Lakini kibali kilichopotea huku yule mzee anacho mkononi, kijana wa kaunta ya wakodishaji huko si atacheka tu na kumpa ufunguo? Akaandika: Mwombaji hakusoma ubao. Mkaguzi hakutazama ubao. Mkaguzi ni mimi. Akatia sahihi.

Mkuu alisoma, akavua miwani. "Unajua ukiandika hivi siwezi kukutetea?"

"Najua, mkuu. Naomba simu."

Kwa kampuni ya magari alijibiwa haraka, na mwanamke mwenye sauti ya kupendeza. Mama Mhuri alijitahidi na kimombo chake cha makaratasi, akataja jina la mteja na namba ya kibali. Sauti ikatafuta kidogo.

"Huyo alikuja mapema, mama. Ameondoka na gari dakika ishirini zilizopita. Mteja mstaarabu sana. Karatasi zake zote zilikuwa safi."

Zilikuwa safi. Mhuri wake mwenyewe ndio uliozisafisha. Akabonyeza namba za binti yake akikosea na kuanza upya. Safari hii ikaita. Ikaita tena.

"Halo?"

"Ni mimi, mama yako. Uko wapi?"

"Tuko njiani, Mama. Ungeona gari lenyewe." Binti alikuwa anacheka. "Baba Mkubwa amenipa kazi, namsomea vibao. Anasema nizoee barabara. Kulia, Baba Mkubwa. Si hii, hii ni ya kutokea. Ile ya pili."

Nyuma ya sauti yake ilisikika taa ya kukata kona, tik, tik, tik. Mama Mhuri alijua akipiga kelele mzee atashtuka, na kushtuka kwenye mwendo ule ndiko kunakoua. Akajikaza, akaitafuta sauti yake ya kila siku, ile ya kuita anayefuata.

"Weka simu kwenye spika, anisikie. Shemeji, ni mimi. Usinijibu kwanza. Punguza mwendo, washa taa za tahadhari, sogea ukingoni. Binti atakuambia kama nyuma hakuna gari."

"Kuna nini, shemeji?"

"Egesha kwanza."

"Bado, Baba Mkubwa," alisema binti, na kicheko kilikuwa kimemtoka. "Bado. Bado kuna lori. Subiri."

Honi ndefu ilianza mbali, ikajaa ofisi nzima, ikapita. Mkuu wa kitengo naye alikuwa amesimama. Kisha yakasikika matairi juu ya kokoto, polepole, polepole sana, kama mtu aliye na bosi wa nyuma na kikombe cha chai. Injini ikazimwa.

"Nimeegesha," alisema Breki.

"Ubao wa macho ulibadilishwa Jumatano, shemeji. Herufi ulizonisomea hazikuwepo ukutani."

Magari yalisikika yakipita huko, moja baada ya jingine.

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

"Sikutaka kumdhuru mtoto," alisema mzee. "Barabara ninaiona. Vibao tu ndivyo vinanisumbua. Vibao, na sura za watu wakiwa mbali." Akavuta pumzi. "Na wewe, shemeji? Ulikuwa unatazama nini?"

Alishika simu mpaka ikakatika yenyewe.

Baada ya robo saa ujumbe uliingia kwenye simu yake ya mkononi. Binti aliandika kwamba kampuni inatuma dereva awachukue. Baba Mkubwa amempa yeye ufunguo, amehamia kiti cha nyuma, amekaa huko na suti yake. Mama Mhuri aliusoma mara mbili. Akairudisha simu mfukoni.

"Maliza waliopo kwenye foleni," mkuu alimwambia, bila kumtazama. "Halafu urudi hapa na funguo za kabati."

Fundi cherehani alikuwa bado amesimama kwenye mstari wa njano, hakuna aliyemwambia akae. Mama Mhuri akatafuta rula chini ya droo, ikiwa na vumbi la miaka, akaenda mwisho wa korido na kusimama kando ya ubao. Ilikuwa miaka mingi hajawaona watu wake kutoka upande huo.

"Haya, baba. Rudia tangu mwanzo."

"K," alisoma fundi, naye akaigusa K. "R. Z. V."

Ndipo alipoliona benchi. Walikaa wazee wanne wakisubiri zamu zao, na kila fundi alipotaja herufi, midomo yao ilicheza polepole bila sauti, ikiifuata. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametazama ukuta. Mama Mhuri alikodolea macho midomo ile, kisha akalikumbuka kabati lililoko nyuma ya kiti chake, droo sita zilizojaa nakala za vibali vya miaka kumi na tisa, na rula ikamponyoka mkononi.