Jina la Daeng Mangalle Ufukweni

Daeng Caya alisimama mbele ya jiwe jipya la ukumbusho ufukweni Makassar, pua kaiziba kwa ncha ya mtandio. Chini ya ukuta maji yalikuwa meusi, yamejaa mifuko na vichwa vya samaki. Hapo ndipo kamati ya mji ilipopaona panafaa kuwakumbukia mabaharia wa kale. Lakini kilichomtia kichefuchefu si uvundo. Ni kipande cha mti ndani ya kisanduku cha kioo, na herufi za shaba zilizopachikwa chini yake: NCHA YA MBELE YA MKUKU WA MERIKEBU YA DAENG MANGALLE.

Mangalle alikuwa babu wa marehemu mumewe, fundi wa merikebu kutoka kijiji cha Ara. Kwa mafundi wa Ara, mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba merikebu nzima, ukishalazwa hukatwa ncha zote mbili. Ya mbele hutupwa baharini, iende kama mume. Ya nyuma huletwa nyumbani, ikae kama mke. Kuiweka ya mbele ni kusema merikebu ilinyimwa njia.

Ya nyuma ilikuwa darini kwa Caya, ndani ya kitambaa cheupe. Shemeji yake, Daeng Rowa, alikuja kuiomba kwa ajili ya jiwe, akanyimwa.

Sasa Rowa alikuwa pale pale, anakula ndizi za kuchoma, shira inamchuruzika kidevuni.

"Umekitoa wapi hiki?"

"Salamu kwanza, shemeji."

"Nimekuuliza, Rowa."

"Kwenye takataka za karakana. Mti ni mti. Nani atakuja kuulamba?"

"Ukawaambia ni ya mbele!"

"Ya nyuma si umeiatamia wewe kama kuku? Nikachukua iliyobaki."

"Iliyobaki iko baharini, mpumbavu we!"

Rowa alijifuta kidole kwenye sarong aliyojifunga kiunoni. Caya akatazama kwingine.

Wazee wawili wa Ara, walioalikwa kwenye ufunguzi, walikuwa wamesimama wakisoma.

"Kumbe Mangalle aliificha ncha nyumbani!"

"Labda mkewe alimkatalia ruhusa."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Caya alihisi uso unamwaka. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Tompo, mwenyekiti wa kamati, akamweleza yote.

Tompo alikuna shingo. "Basi tuletee ile ya nyuma, ya kweli, mama. Tunabadilisha sasa hivi, na jina la mzee linabaki pale pale."

"Ile haitoki nyumbani."

"Hata kwa heshima kama hii?"

Caya alilitazama jina. Mumewe angefurahi kuliona. Angewaleta wajukuu wote, awasomee herufi moja moja.

"Liondoeni," alisema.

"Shemeji!" Rowa alipiga kelele. "Huo ndio ukumbusho wetu pekee mjini!"

"Wataje wengine. Sisi tutoeni."

Fundi aliitwa na patasi yake. Kipande cha mti kikatupwa kwenye ndoo ya taka, kisha herufi zikaanza kung'oka. Caya alisimama mpaka ya mwisho ilipodondoka, vumbi la saruji likimjaa kinywani. Rowa akaapa hatakanyaga tena nyumbani kwa Caya. Caya, aliyewafundisha wanawe kwamba watu wa heshima hawatemi mate hadharani, akainama ukutani, akatema kwenye yale maji meusi.