Filamu Niliyoiacha Mfukoni mwa Koti

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa mpiga eksirei katika hospitali moja ya Kisumu. Kazi hiyo nilijifunza kwa kufokewa, na nilipoijua nikaanza kuwafokea wengine. Mfagizi akithubutu kutoa boksi la filamu kwenye kabati letu lenye kuta za madini ya risasi, yanayozuia miale, nilimhubiria mpaka wagonjwa wakacheka. Filamu haichagui, nilisema. Iwe mwanga wa jua, iwe miale ya mashine, chochote kikiigusa inashika, na ikishashika haifutiki.

Jumapili moja nilikwenda nyumbani Asembo Bay na kamera ya kuazima. Baba alikuwa mgonjwa sana, na maishani mwake hakuwahi kupigwa picha hata moja. Siku zote alikataa. Siku hiyo mama alimbembeleza hadi akavaa shati lake la kanisani, akakaa uani akiwa amenuna kama anasubiri kuchomwa sindano. Nilimaliza filamu nzima.

Jumatatu niliingia kazini moja kwa moja kutoka safarini, filamu ikiwa mfukoni mwa koti pamoja na funguo zangu. Nilipanga kuipeleka studio saa ya chakula. Nilikuta foleni ndefu ya watu wa kupigwa picha za kifua, nikatundika koti kwenye msumari wa siku zote, ukutani, nyuma kabisa ya pale wagonjwa wanaposimama. Mimi, mhubiri wa filamu! Nilipiga vifua hadi adhuhuri, na kila mara miale ilimpita mgonjwa ikaendelea mpaka kwenye koti langu. Kisha nikavaa koti, nikaipeleka filamu studio, nikarudi zangu kazini nikipiga mluzi.

Baba alifariki Alhamisi.

Kesho yake nilipofuata picha, mwenye studio, Mhindi mmoja mpole, aliniita nyuma ya pazia. Filamu ilikuwa nyeusi toka mwanzo hadi mwisho. Aliinyanyua dirishani.

"Pole sana, bwana. Nafikiri chumba yangu ya giza imeingiza mwanga. Na hii madoa sijui ni ya nini."

Mimi niliyajua. Yalikuwa vivuli vya funguo zangu, pale chuma kilipozuia miale, ule wa nyumba na ule wa kabati, meno yake yakionekana wazi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Niliona haya, na niliogopa mama atasikia, nikajibu tu, "Ni bahati mbaya."

Laiti yangeishia hapo. Lakini yule bwana alikuwa muungwana kuliko mimi. Baada ya mazishi alifunga studio siku nzima, akaja Asembo kumwomba mama msamaha uso kwa uso. Mama hakujua Kiswahili, naye hakujua Kijaluo. Wa kutafsiri nilikuwa mimi.

"Mama, ni mimi nimeharibu picha ya mzee," alisema. "Naomba unisamehe."

Nikatafsiri. Mama akajifunga leso upya.

"Mwambie nimemsamehe. Mwambie sikutaka makubwa. Nilitaka wajukuu watakaozaliwa wamjue babu yao alikuwa na uso gani."

Nikatafsiri hilo pia. Mhindi alivua miwani akajipangusa macho kwa ncha ya shati. Nilijichukia, na bado sikusema.

Mama alipoona analia, akamwonea huruma, akanishika mkono.

"Mwambie asijilaumu peke yake. Kosa ni langu pia. Ningemwambia mwanangu aisafishe mwenyewe huko hospitali. Yeye ndiye anayejua kutunza filamu."

Niliyasema yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na hiyo sifa yangu.

Yule bwana alinigeukia kwa heshima kabisa. "Kweli, mama," alisema. "Huyu angeitunza."

Wakanitazama wote wawili, mama akisubiri nimwambie mgeni amesema nini. Nikamwambia.