Siku Kigari Kilipombeba Mama Mkwe

Jamani, mke wangu akianzaga kusimulia habari hii, mimi huinuka nikatoka nje eti naenda kuangalia kama ng'ombe wamefungwa, na hapa kwetu Kitaji, mjini Musoma, hatujawahi kufuga hata ng'ombe mmoja. Kwa hiyo leo bora niiseme mwenyewe, maana yeye huongeza chumvi, wakati yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Ilikuwa ile miaka maduka yameanza kujaa tena. Kabla ya hapo hata sabuni tulikuwaga tunaipangia foleni, halafu ghafla mitumba ikaruhusiwa, marobota yakawa yanafunguliwa sokoni, na ndani yake unakuta vitu ambavyo hata muuzaji hajui ni vya nini. Ndimo mke wangu Nyabise alimopata kigari cha mtoto, cha bluu, cha kusukuma, magurudumu manne mazima. Tatizo lake lilikuwa moja, breki ilikuwa imekatika, hivyo ukisimama lazima uweke jiwe mbele ya gurudumu.

Sasa wakaja Musoma watu wa mabembea, wale wanaotembea mji kwa mji na farasi wa mbao wanaozungushwa na injini, wakapiga turubai zao kwenye uwanja mmoja wenye mteremko wa kuelekea ziwani. Jumapili hiyo kwaya ya kina Nyabise ilialikwa kuimba pale, naye akatangulia na wenzake. Akaniachia maagizo: "Baba Masatu, watoto utawaleta wewe. Magesa mfunge mgongoni, kanga ile pale mlangoni."

Mimi, mwanaume wa Majita, karani wa ofisini, mwenye suruali iliyopigwa pasi, nipite mjini na kanga mgongoni? Nikaitazama ile kanga, nikatazama kigari, nikachagua kigari. (Hapo ndipo nilipopotea, ila wakati huo nilijiona mjanja.)

Niwaambie ukweli, kigari si kitu cha barabara zetu. Kila kwenye changarawe magurudumu ya mbele yanageukia kwake na mimi nageukia kwangu. Nyangeta, wa miaka mitatu, alipoona mdogo wake Magesa amekaa kama diwani akagoma kutembea, nikampakia naye, mmoja juu ya mwingine, na Masatu mkubwa wao akawa anasukuma upande mmoja tu, tukawa tunakwenda kiubavu kama kaa. Getini mlinzi akakizunguka kigari mara mbili, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzee, hiki kinalipiwa kama mtu au kama baiskeli?" Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nikacheka nao, lakini shati lilikuwa limeshalowa jasho.

Ndani nikatafuta kivuli cha turubai pale juu, nikaweka jiwe mbele ya gurudumu, nikapumua. Nilipoinua macho nikamwona mama mkwe wangu anakuja, kikapu kichwani, ametoka Butiama kote huko kuja kumsikiliza binti yake akiimba, na mimi hakuna aliyeniambia.

Mnajua mambo ya mkwe kwetu. Mama mkwe humsogelei, humpi mkono, unamwamkia kwa mbali na macho yako chini. Na mimi hapo nina chupa ya maziwa kwenye mfuko wa shati na leso ya mtoto begani. Sikufikiri. Nikamnyakua Magesa, nikamshika Nyangeta mkono, nikamwambia Masatu asiondoke, nikajibanza nyuma ya turubai, kigari nikakiacha pale kama si changu.

Mama mkwe akapita taratibu, hakuniona, akaanza kuteremka kuelekea kwenye kwaya. Nikashukuru Mungu. Kumbe Masatu alikuwa anawaangalia watoto wanaolenga makopo, naye akataka kulenga, na jiwe lililokuwa karibu naye ni lile la gurudumu.

Kigari kikaondoka. Kilianza polepole, kama mtu anayewaza, halafu kikashika kasi, na kwa mara ya kwanza siku ile kilikwenda moja kwa moja. Kikamfikia mama mkwe kwa nyuma, kikamgonga magotini, naye akakaa. Alikaa vizuri kabisa, kama amekaribishwa kiti, na kikaendelea naye. Hakupiga kelele. Mkono mmoja alishika kikapu kichwani, wa pili akashika ubavu wa kigari, na watu wakawa wanampisha.

Nikamwachia Masatu Nyangeta, nikatoka mbio na Magesa kwapani, chupa ya maziwa ikadondoka, nikamfikia, halafu nikakumbuka kwamba yule mama siruhusiwi kumgusa. Basi nikawa nakimbia pembeni yake tu, kama namsindikiza. Yeye akatazama mbele kule kwaya ilikopanga mistari, akasema bila kunigeukia, "Baba Masatu, kamata. Aibu tutagawana baadaye."

Nikakamata. Ila nilichokamata ni pindo la kanga yake ya juu, ikafunguka, ikabaki mkononi mwangu, na yeye akaendelea na safari yake na gauni lake la ndani ya kanga. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameipa hadhira mgongo, anapunga mikono, hakujua lolote hadi kigari kilipomsukuma akakumbatiana na waimbaji wa sauti ya kwanza. Kigari kikasimama katikati ya waimbaji. Sauti ya nne, wale wazee wa nyuma, waliendelea kuimba peke yao hadi mwisho wa ubeti.

Nikabaki nimesimama mbele ya watu wote, mtoto kwapani, kanga ya mama mkwe mkononi. Nyabise alinitazama, akaitazama kanga, akamtazama mama yake. Wakinamama wakamsaidia kuinuka, lakini mama mkwe wangu si mwembamba, nasema kwa heshima, na alipoinuka kigari kiliinuka naye. Watatu walishika kigari, wawili wakamshika yeye, ndipo wakaachana. Hakuumia popote.

Nilipeleka mbuzi Butiama kusafisha ule utovu wa adabu. Wazee walikaa, wakauliza kilichotokea, na kila nilipofika pale kwenye kukimbia pembeni mzee mmoja alikuwa anatoka nje kukohoa. Mwishowe baba mkwe akaniuliza, "Lakini wewe, kwa nini ulijificha?" Nikamwambia niliona aibu kuonekana nalea. Halafu kutoka ndani, alikokaa na wanawake, mama mkwe akasema, "Watoto ni wa kwake. Alitaka aonekane na wa nani?"

Tangu hapo mtoto wangu nikipewa nimbebe, nambeba popote, mgongoni au begani, sokoni au kanisani, na nikimwona mkwe anakuja nasimama palepale, nainamisha macho, namwamkia kwa mbali. Kujificha nimeacha kabisa.