Laptop Iliyotaka Wanjiru Mmoja

Maziwa yakifurika jikoni na kuungulia motoni, harufu ile hunikumbusha kompyuta. Msinicheke. Laptop ya kwanza niliyoishika ilikaa jikoni kwa shosho, yaani nyanya yangu, kule Mukurweini, mezani kando ya mtungi wa maziwa.

Ilikuwa kuukuu, imejaa virusi kutoka kwa flashi za kijiji kizima. Anko Mwangi, kitindamimba wa shosho, alifanya kazi Murang'a na kuja nyumbani kila Jumamosi. Siku moja akaifuta yote, akaiwekea mfumo wa Linux. "Hii haina maringo," alituambia, "hata kwa laptop mzee inatembea." Na kweli, ilianza kuwaka upesi. Ila ilitaka kila anayeitumia aandikishwe jina lake ndani.

Sasa, kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake. Shosho alikuwa Wanjiru. Binamu yangu, Wanjiru. Mimi pia, Wanjiru. Binamu aliandikishwa kwanza kwa kuwa ni mkubwa. Zamu yangu ilipofika, mashine ikakataa katakata: jina hilo lina mwenyewe. Anko akasema basi aniandike Wanjiru wa pili. Wee! Niliangua kilio mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Niwe wa pili kwa jina langu mwenyewe?

Shosho aliingia mbio na ndoo mkononi, akidhani kuna mtu ameungua. Alipoelezwa, akakunja uso.

"Ati inajua Wanjiru mmoja tu? Basi huyo ni mimi. Toa huyo mwingine, uniandike mimi. Hawa watoto watatumia yangu."

Anko hakubishana na mamake. Shosho akachagua neno la siri, akalibonyeza kwa kidole kimoja huku amefunika mkono kwa leso, na akakataa katakata kutuambia. Tangu siku hiyo, tukitaka kuchora au kucheza, lazima tumfuate yeye kwanza. Tumngoje amalize kukama, tunywe chai, tumpe habari zote za shule, ndipo apanguse mikono, agune kidogo, na kutufungulia. Tulinung'unika kweli! Guka, mume wa shosho, alikuwa amefariki mwaka huo na nyumba ilikuwa kimya mno, lakini sisi macho yetu yalikuwa kwa laptop tu.

Siku hizi nafanya kazi na mashine kama hizo mjini Nyeri. Najua kwamba Anko, aliyeiweka ile Linux mwenyewe, angeweza kubadilisha neno la siri kabla chai haijapoa. Juzi nikampigia simu kumuuliza mbona hakutusaidia, na tulivyomlilia.

"Mami," alisema, kwani huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake, "mimi nikiwa Murang'a, nani mwingine angekuwa anaketi naye kupiga gumzo?"

 Miaka yote hiyo nilidhani tulikuwa tunamsumbua shosho.