Mizinga Mitatu ya Nyuki

Jamani, nina mdomo mimi! Nilipohamishiwa Mbinga kutoka Bukoba kuwa bwana shamba, nilijiona nimeletwa kufundisha watu migomba. Mnyauko nilikuwa nimeujua tangu utotoni: majani yanalegea na kuwa njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza.

Ulipoingia Ruanda, kata ya hukohuko Mbinga, nikawa napita shamba kwa shamba. Asubuhi moja nilitoka kwa mtu ambaye migomba yake ilikuwa imeshaugua, nikaingia kwa jirani yake, mama mjane. Yake ilikuwa mizima, imesimama katikati ya kahawa. Pembeni alikuwa na mizinga mitatu ya nyuki, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nikamweleza kwamba wadudu, hata nyuki, hufuata utamu wa ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, na bakteria huwanata miguuni.

"Na nyuki mwenyewe haumwi?" akaniuliza.

"Haumwi hata kidogo, mama. Anabeba tu, anakwenda zake kwenye ua lingine."

Akaitazama mizinga.

Sasa sikia upuuzi wangu. Ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda, halikatwi kwa panga. Nalijua hilo, nimelifundisha mara ngapi sijui. Lakini kijiti kinachelewesha, na majirani walikuwa wamekusanyika kunitazama. Nikachomoa panga lilelile nililotoka kukatia migomba migonjwa. Sikulipitisha hata kwenye moto kuua bakteria. Nikakata maua, nikapunguza na machipukizi, ili waone shamba la kwetu linavyopendeza. Mama akanishukuru, akanifungia na mahindi ya kuchoma.

Wiki kadhaa baadaye nikarudi. Kila mgomba nilioukata ulikuwa umelegea, hata ile michanga ambayo haijawahi kutoa ua. Nyuki angefuata nini pale? Ni panga langu. Nikageuka kumwambia mama, nikaona pale penye mizinga pana majivu.

"Nimewachoma wote," akasema. "Nilichelewa tu, baba. Ningekusikiliza siku ileile wasingeniulia shamba."

Panga sikulitaja. Mimi mwenye mdomo! Nikampa pole, nikapanda pikipiki yangu, nikarudi Mbinga mjini.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, akamwita mama asimulie yaliyompata. Akasimama, akaeleza kila kitu kama nilivyomfundisha, bila kuruka neno. Mimi nimekaa mbele, kiti cha mtaalamu, natazama viatu vyangu. Mzee mmoja akainuka, akaniuliza mizinga yake aichome lini.

"Subiri kwanza, mzee," nikasema. "Nitakuja kuiona."

Mama akanigeukia, akatabasamu kidogo kuniomba radhi kwa kunipinga, kisha akamtazama yule mzee.

"Usisubiri, kaka," akamwambia. "Mimi nilisubiri."